Paul McCartney mjini Lagos: wezi, Fela na albamu iliyookoa jina lake

Walikuwa wameonywa wasitembee kwa mguu usiku. Lakini usiku mmoja kunako mwaka 1973, Paul McCartney na mke wake Linda waliona nyumba waliyokuwa wamepanga Lagos haiko mbali, hewa ni nzuri, na hakuna haja ya kutafuta gari. Wakashika njia. Gari moja likapunguza mwendo karibu yao. McCartney amesimulia mara nyingi kwamba kwanza alifikiri ni watu wa roho nzuri wanaotaka kuwapa lifti, hata akawashukuru na kuwaambia wao wanapenda kutembea tu. Gari likasogea kidogo, likasimama tena. Safari hii milango ikafunguka, wakatoka wanaume watano au sita, mmoja ana kisu mkononi.

Linda akapiga kelele akiwaomba wasimuue mume wake, kwamba yeye ni mwanamuziki tu. Wezi hawakuua mtu. Walichukua pesa, kamera na mfuko, wakapotea gizani.

Kamera zinanunuliwa tena. Shida ilikuwa ndani ya mfuko. Mlikuwemo daftari la maneno ya nyimbo, na kaseti ambazo Paul alikuwa amejirekodi akiimba peke yake kule Uskoti kama maandalizi ya albamu mpya. Kazi yote ya miezi ilikuwa kwenye kaseti hizo, na nakala nyingine haikuwepo. Baadaye mwenyewe amesema kwa kucheka kwamba labda wezi hawakujua wameshika nini, na pengine walirekodi mambo yao juu ya zile nyimbo. Usiku ule hakuna aliyecheka.

Albamu iliyotoka katika safari hiyo inaitwa Band on the Run. Leo inahesabiwa kati ya albamu kubwa za muziki wa roki za miaka ya 1970, na wengi wanaiona kuwa kazi bora kuliko zote McCartney alizofanya baada ya The Beatles. Wapenzi wake wa Ulaya na Marekani wanajua jalada lake, nyimbo zake na tuzo zake. Kinachosahaulika kwa urahisi ni kwamba sehemu kubwa yake ilirekodiwa Apapa, karibu na bandari ya Lagos, katika msimu wa mvua, na kwamba ilibaki kidogo tu isiwepo kabisa.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye pesa zote zile alikwenda kujitafutia taabu mbali na kwao, lazima turudi nyuma miaka mitatu.

Mwezi wa nne mwaka 1970, habari za kuvunjika kwa The Beatles zilitangazwa duniani, na lawama nyingi zikamwangukia Paul. Mwisho wa mwaka huohuo aliwashtaki wenzake watatu mahakamani London ili ushirika wao wa kibiashara uvunjwe kisheria. Mtu anayepeleka rafiki zake wa utoto mahakamani hapendwi, hata akiwa na haki. Paul alijificha kwenye shamba lake Uskoti, akafuga kondoo, akanywa pombe kupita kiasi, kama alivyokiri mwenyewe. Mwaka 1971 akaunda kundi jipya, Wings, na akamweka Linda kwenye kinanda.

Hapo ndipo dhihaka zilipozidi. Linda alikuwa mpiga picha mwenye jina, si mpiga kinanda. Alijifunza kazi mbele ya watu, na waandishi hawakumhurumia. Albamu ya kwanza ya Wings, Wild Life, ilipondwa. Ya pili, Red Rose Speedway ya mwaka 1973, iliuzwa vizuri sana Marekani, na wimbo wa sinema ya James Bond mwaka huohuo ulipendwa kila mahali. Kwa hiyo si kweli kwamba McCartney alikuwa amefilisika au amesahaulika. Alichokosa ni heshima. John Lennon na George Harrison walikuwa wametoa albamu zilizosifiwa na wakosoaji, naye akaonekana kama mtu anayetunga vitu vitamu visivyo na uzito. Alikuwa na miaka 31.

Aliamua kurekodi nje ya Uingereza. Kampuni yake, EMI, ilikuwa na studio sehemu nyingi za dunia, akaomba orodha. Rio de Janeiro ilikuwemo, Bombay ilikuwemo, na Lagos pia. Akachagua Lagos. Mpango wake, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa mchana kukaa pwani juani, usiku kurekodi. Hakuna aliyemwambia kwamba mwezi wa nane Lagos ni wakati wa mvua.

Kabla hata ya kuondoka, kundi likavunjika. Kwenye mazoezi Uskoti, mpiga gitaa Henry McCullough, mtu wa Ireland ya Kaskazini, aligombana na Paul juu ya namna ya kupiga, akaondoka. Halafu, jioni ya mwisho kabla ya ndege, simu ikalia. Alikuwa mpiga ngoma Denny Seiwell, Mmarekani, akisema haendi. Ndani ya kundi kulikuwa na manung'uniko ya siku nyingi kuhusu malipo. Wanamuziki walipewa posho ya wiki, kitu kama pauni 70, bila mkataba ulioandikwa, huku kiongozi wao akiwa mmoja wa watu mashuhuri zaidi duniani. Wanamuziki wa Kinshasa na Lubumbashi watakaosoma habari hii hawatahitaji maelezo marefu juu ya kisa cha namna hiyo. Orkestra nyingi zimekufa kwa sababu hiyohiyo.

Waliobaki ni watatu: Paul, Linda, na mpiga gitaa Denny Laine, aliyewahi kuimba na kundi la Moody Blues. Paul alisema baadaye kwamba alipandwa na hasira, akajiambia atatengeneza albamu itakayowafanya waliomwacha wajute. Wakapanda ndege pamoja na watoto watatu wa familia na fundi wa sauti Geoff Emerick, yuleyule aliyesimamia sauti za Sgt. Pepper mwaka 1967.

Nigeria waliyoikuta ilikuwa imetoka vitani miaka mitatu tu kabla. Vita vya Biafra vilimalizika mwezi wa kwanza 1970, Jenerali Yakubu Gowon alikuwa anatawala, na wanajeshi walikuwa kila mahali. Mafuta yalianza kuleta pesa, Lagos ilikuwa inapanuka kwa kasi, na muziki ulikuwa unachemka. Ndiyo sababu EMI ilikuwa na studio pale, kwani soko la sahani za Nigeria lilikuwa kubwa.

Studio yenyewe, Wharf Road, Apapa, ilikuwa inafanya kazi za wanamuziki wa nchi kila siku, lakini haikuwa Abbey Road. Kulikuwa na mashine moja tu ya kurekodi, ya njia nane. Maana yake ni hivi: unaweza kuweka sauti nane tofauti kwenye utepe mmoja, ngoma hapa, besi pale, waimbaji kule. Zikijaa, inabidi uchanganye mbili au tatu kuwa moja ili kupata nafasi, na ukikosea hapo huwezi kurudi nyuma. London wakati huo walikuwa wameshazoea njia kumi na sita. Meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa na kasoro, mikro hazikuwa nyingi, na vyumba vya kutenganisha sauti za ala havikuwepo, ikabidi vijengwe. Emerick, ambaye pamoja na ustadi wake wote alikuwa mwoga wa wadudu kupita kiasi, hakuipenda nyumba waliyopewa akahamia hotelini.

Lakini matatizo hayo ndiyo yaliyotengeneza sauti ya albamu. Mpiga ngoma hayupo, basi Paul akakaa mwenyewe kwenye ngoma. Kwanza anapiga ngoma, Laine akimfuata kwa gitaa. Kisha anaongeza besi. Kisha kinanda, kisha gitaa la pili, kisha sauti za watatu pamoja. Ukiisikiliza kwa makini, ngoma za Band on the Run hazina mbwembwe. Zinakaa palepale panapotakiwa, kwa sababu anayezipiga ndiye aliyetunga wimbo na anajua kinachokuja mbele. McCartney anapenda kusimulia kwamba Keith Moon wa kundi la The Who, mmoja wa wapiga ngoma waliosifiwa sana Uingereza, alimuuliza siku moja ni nani aliyepiga ngoma kwenye ile albamu.

Na nyimbo zilizoibiwa? Ilibidi azikumbuke. Bahati ni kwamba Paul na John Lennon, enzi za ujana wao Liverpool, hawakuwa na kifaa cha kurekodi nyumbani. Walizoea kanuni moja: wimbo usioukumbuka kesho asubuhi haufai kuhifadhiwa. Mazoea hayo ya umaskini yalimsaidia Lagos akiwa tajiri. Alikaa akaunganisha vipande kutoka kichwani, na wimbo unaobeba jina la albamu ni kweli vipande vitatu vilivyofungwa pamoja. Unaanza polepole kama mtu aliyefungiwa, unabadilika kuwa mzito, halafu unafunguka ghafla kwa magitaa. Wazo la kufungiwa na kutamani kutoka lilimjia kwa sehemu kutokana na mikutano mirefu ya wanasheria na wahasibu siku za mwisho za The Beatles, na kwa jambo ambalo George Harrison alilisema katika mkutano mmoja wa namna hiyo.

Siku moja studioni Paul alikosa pumzi. Akatoka nje apate hewa, lakini nje joto lilikuwa kali zaidi, akaanguka na kuzimia. Linda alidhani mume wake amekufa. Daktari alisema ni mirija ya mapafu iliyobana, na akamlaumu kwa kuvuta sigara kupita kiasi. Siku chache alipumzika, akarudi kwenye kazi.

Halafu akaja Fela.

Fela Ransome-Kuti, kama alivyoitwa bado wakati huo, alikuwa mfalme wa muziki wa Lagos. Alikuwa amesoma muziki London, amerudi nyumbani, na pamoja na mpiga ngoma Tony Allen alikuwa amezaa afrobiti, mtindo wa nyimbo ndefu za dakika kumi na tano au zaidi, tarumbeta na saksafoni zikijibizana juu ya mdundo usiochoka. McCartney alikwenda kumsikiliza kwenye klabu yake. Anasema kundi lilipoanza kupiga, machozi yalimtoka, na kwamba ni moja ya muziki bora aliowahi kuusikia ana kwa ana maishani mwake.

Kupendwa huko hakukumfurahisha Fela. Alisema hadharani kwamba mzungu huyu amekuja kuiba muziki wa Waafrika. Ugomvi ukafika mpaka studioni Apapa. McCartney akachukua njia ya pekee iliyokuwepo: akamkalisha Fela, akafungua utepe, akamsikilizisha kilichorekodiwa. Fela akasikiliza, na akakubali kwamba ndani yake hamkuwa na mdundo wa Lagos. Mambo yakatulia.

Wasimuliaji wengi wa Ulaya wanaishia hapo, na katika usimulizi wao Fela anaonekana kama mtu wa wivu aliyeona kivuli akapiga kelele. Hiyo si haki. Fela aliijua kampuni ya EMI vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitoa sahani zake. Mwaka 1971 alikuwa amerekodi yeye mwenyewe albamu katika studio za Abbey Road London, nyumba ileile ya The Beatles. Hakuwa mtu wa kijijini anayeshangaa wageni. Alijua pesa ya muziki inavyosafiri, na inakoishia.

Tena mwaka wenyewe wa 1973 ulimpa sababu. Miezi hiyohiyo, wimbo Soul Makossa wa Manu Dibango, Mkameruni ambaye Wakongo wanamjua tangu alipokuja Léopoldville mwaka 1961 na kupiga saksafoni katika African Jazz ya Grand Kallé, ulikuwa unachezwa katika klabu za New York. Kwa sababu nakala zilizoletwa kutoka nje zilikuwa chache, makundi mengi ya Marekani yalikimbilia studio kuurekodi wao wenyewe na kuuza. Nyuma zaidi kulikuwa na kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939. Wimbo huo ulizunguka dunia nzima kwa majina mengine na kuingiza mali nyingi, lakini yeye akafa maskini mwaka 1962. Mtu mwenye kujua hayo, akimwona mwanamuziki tajiri kuliko wote akifungua studio mtaani kwake, afanye nini? Anyamaze?

Jambo la kusikitisha ni lile lililofuata. McCartney amesema kwamba alikuwa na nia ya kutumia wanamuziki wa Kiafrika kwenye albamu. Baada ya shutuma za Fela aliiacha nia hiyo, akaamua kufanya kila kitu wao watatu, asije akaambiwa ameiba. Uamuzi huo unaeleweka kabisa. Lakini matokeo yake ni albamu ya Lagos isiyo na Lagos ndani yake. Hakuna Mnigeria aliyepiga hata noti moja katika studio ya Apapa. Ulinzi uliowekwa dhidi ya wizi uliwafungia mlango pia wapiga ngoma na wapiga tarumbeta waliokuwa mwendo wa dakika chache kutoka pale, ambao kwa haki wangelipwa na kuandikwa majina yao. Mnigeria pekee anayesikika ni mpiga ngoma Remi Kabaka, katika wimbo Bluebird. Naye alirekodiwa London baada ya safari. Ilibidi mtu atoke Lagos aende Uingereza ili apate nafasi kwenye albamu iliyotengenezwa kwao.

Mtu mwingine aliyekuwa akiwangoja Lagos ni Ginger Baker, mpiga ngoma wa zamani wa kundi la Cream. Huyu alikuwa amevuka jangwa la Sahara kwa gari, akapenda Nigeria, akapiga na Fela, na mapema mwaka 1973 akafungua studio yake ya ARC huko Ikeja. Alitaka Paul arekodi kwake albamu nzima. Wakasikilizana kwa wimbo mmoja, Picasso's Last Words. Wimbo huo una historia yake: Paul alikuwa Jamaika mwaka huohuo, akakutana na mwigizaji Dustin Hoffman aliyekuwa akicheza sinema ya Papillon, na Hoffman akamuuliza kama kweli anaweza kutunga wimbo juu ya jambo lolote. Akamwonyesha gazeti lenye habari za kifo cha mchoraji Pablo Picasso. Paul akachukua gitaa na kuanza palepale. Ikeja, ulipofika wakati wa kuongeza mlio wa mchakacho, Baker mwenyewe alijaza changarawe kwenye kopo akalitikisa.

Kuna wimbo mwingine ambao msomaji wa Kiswahili anaweza kuufurahia kwa sababu yake mwenyewe. Unaitwa Mamunia, jina ambalo Paul alilichukua kutoka La Mamounia, hoteli maarufu ya Marrakesh. Neno hilo ni la Kiarabu, na shina lake ni lilelile lililotupa amani, amana na imani. Ni wimbo mwepesi kuhusu kuikubali mvua. Hali ya hewa ya Lagos ilikuwa imeshinda.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unakwisha walirudi London. Nyumbani kulikuwa na barua kutoka kwa wakubwa wa EMI, iliyoandikwa kabla ya safari, ikimshauri Paul asiende Lagos kwa sababu ya kipindupindu. Ilikuwa imechelewa.

Kazi ilimalizikia katika studio za AIR, katikati ya London. Utepe wa njia nane ulihamishiwa kwenye wa njia kumi na sita ili kupata nafasi ya kuongeza. Tony Visconti, Mmarekani aliyekuwa akitengeneza sahani za T. Rex na David Bowie, alipewa siku chache tu aandike sehemu za violini na tarumbeta, na wanamuziki wapatao 60 wakaitwa kwa ajili ya wimbo wa kwanza. Howie Casey, rafiki wa tangu Liverpool, alileta saksafoni yake. Kwa hiyo mwenye kusikiliza leo anasikia vitu viwili vimewekwa juu ya kingine: chini watu watatu kwenye chumba cha Apapa, juu utajiri wa London.

Jalada lilipigwa picha tarehe 28 mwezi wa kumi 1973 huko Osterley Park, magharibi mwa London, na mpiga picha Clive Arrowsmith. Wanaonekana watu tisa ukutani, wamemulikwa na taa kama wafungwa waliokamatwa wakitoroka. Watatu ni Paul, Linda na Laine, na sita ni watu mashuhuri walioalikwa, wakiwemo waigizaji James Coburn na Christopher Lee. Mmoja wao ni John Conteh, bondia kijana wa Liverpool ambaye baba yake alitoka Sierra Leone. Mwaka uliofuata, tarehe 1 mwezi wa kumi 1974, Conteh alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC wa uzito wa juu mwepesi. Siku 29 baadaye, Kinshasa, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman, na pigano la Conteh likasahauliwa na karibu kila mtu isipokuwa Liverpool.

Albamu ilitoka mwishoni mwa mwaka 1973, na haikupaa mara moja. McCartney hakupenda kutoa nyimbo moja moja kutoka kwenye albamu, kwani The Beatles mara nyingi walizitenga. Watu wa mauzo Marekani walimbembeleza. Jet ukatolewa peke yake mwanzoni mwa 1974, kisha wimbo wa Band on the Run wenyewe, na albamu ikapanda mpaka juu kabisa Marekani mara tatu tofauti katika mwaka mmoja. Uingereza ilikaa namba moja wiki saba katikati ya mwaka, na ikawa miongoni mwa zilizouzwa zaidi mwaka huo. Wakosoaji waliokuwa wakimcheka wakaandika kwamba ni kazi bora, na Lennon mwenyewe, ambaye alikuwa amemtungia Paul wimbo wa matusi miaka miwili tu kabla, aliisifu hadharani. Kwenye tuzo za Grammy za mwaka 1975 ilishinda mbili, na moja ya hizo ilikwenda kwa Geoff Emerick kwa ufundi wa sauti. Yaani tuzo ya sauti bora ilipewa albamu ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa kwa mashine moja, juu ya meza yenye kasoro, katika studio ambayo Ulaya walikuwa wakiidharau.

Wings wakapata wanamuziki wapya, na kufikia mwaka 1976 walikuwa wakijaza viwanja vikubwa vya Marekani. McCullough na Seiwell walibaki kuulizwa maisha yao yote kuhusu albamu ambayo hawamo.

Na Fela? Mwaka 1977 wanajeshi walivamia makao yake, Kalakuta, wakayachoma, na mama yake, Funmilayo, mpigania haki za wanawake aliyeheshimiwa nchi nzima, akatupwa dirishani. Alifariki mwaka uliofuata. Fela aliendelea kuimba dhidi ya watawala mpaka kifo chake mwaka 1997. Baadaye muziki wake ulichezwa hata kwenye kumbi za maigizo za New York, na leo sahani zake zinauzwa upya Ulaya kwa bei ambayo mkaaji wa kawaida wa Lagos hawezi kuilipa.

Linda alifariki mwaka 1998, Emerick mwaka 2018, Ginger Baker mwaka 2019. Denny Laine alifariki tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2023, karibu kabisa na miaka 50 kamili ya albamu. Kati ya watatu walioshuka ndege kwenda kurekodi, amebaki Paul peke yake.

Mwanzoni mwa 2024 ilitolewa toleo la kuadhimisha miaka hiyo 50. Ndani yake kuna sahani ya pili yenye nyimbo zilezile jinsi Emerick alivyozichanganya kabla violini na tarumbeta za London hazijawekwa. Magitaa yako karibu, ngoma ni kavu, na sauti ya Linda, ile iliyochekwa sana, inasikika wazi ikishikilia mahali pake kati ya wanaume wawili. Hiyo ndiyo njia ya karibu zaidi ya kusikia kilichokuwa kwenye utepe ulipoondoka Apapa. Kaseti zilizochukuliwa usiku ule barabarani hazijaonekana tena.